Namba uliyoandika, uliipima?

(Nilialikwa kuongea na wanagenzi wapya wa mentenansi na ubora kwenye chuo kimoja cha ufundi mkoani Tanga. Kijana mmoja alirekodi kwa simu, nami nimeichapa karibu kama nilivyoongea, nimetoa tu pale nilipokuwa nakohoa na pale umeme ulipokatika.)

Asalaam aleikum. Bwana asifiwe. Na wale ambao hamjaitikia popote, habari za asubuhi.

Mkuu wa chuo, walimu, wazazi mliosindikiza watoto, shikamooni. Najua nina mvi, lakini nawaona humu wazee wawili watatu walionizidi kwa hiyo shikamoo yangu ni ya kweli, siyo ya kwenye maiki.

Barua niliyoletewa inasema niongelee "umuhimu wa ubora katika matengenezo ya mitambo". Nimeikunja, iko mfukoni. Vijana wangu mkianza kusikia neno umuhimu saa tatu asubuhi mtalala wote, na mimi pia nitalala nikiwa nimesimama. Nataka niwaambie habari ya herufi mbili tu, O na K. OK. Hizo herufi mbili zilitaka kunifukuzisha kazi kabla hata sijaanza kazi.

Babu yangu alikuja huku na manamba, wale vibarua wa mashamba ya mkonge, alitokea Burundi, akakata mkonge mpaka mgongo ukakataa. Baba yangu kakata mkonge. Mimi nikasema mimi visu basi, naenda karakana, na katikati ya miaka ya tisini nikachukuliwa kuwa mwanagenzi kwenye karakana ya shamba moja la mkonge, silitaji jina. Enzi hizo hatukuitwa wanagenzi, tuliitwa saidia fundi, na kazi ya kwanza ya saidia fundi ni kujua fundi anakunywa chai ya rangi au ya maziwa.

Sasa wengi wenu mmezaliwa mjini, korona hamjaiona, mkisikia korona mnawaza barakoa. Huku kwetu korona ni ile mashine ya kuchakata mkonge, ilikuwepo kabla ya ugonjwa, nao ugonjwa ulipokuja wazee wa Korogwe na Muheza walishangaa sana wakisikia redioni watu wanaikimbia korona. Jani linaingia limelala, linabanwa katikati, linapita kwenye ngoma kubwa inayozunguka, ile ngoma ina visu butu, visivyokata, vinasaga na kukwangua ile nyama ya jani dhidi ya kipande cha chuma kilichojipinda kufuata umbo la ngoma, sisi tulikiita bedi, huku maji yanamwagika muda wote. Nyama inaondoka, nyuzi zinabaki, ndo zile singa mnaona zimeanikwa nyeupe. Na kwenye jani zima singa ni kama asilimia 4 hivi, nyingine yote ni maji na uchafu. Kwa hiyo ukiiharibu hiyo asilimia 4 umeharibu kila kitu, hakuna cha kubakiza.

Sasa nisikilizeni hapa maana ndo ilipo hotuba yenyewe. Kati ya kisu na bedi kuna uwazi. Uwazi ukiwa mkubwa, nyama inabaki kwenye singa, zinakauka na magamba ya kijani, mnunuzi anashusha daraja. Uwazi ukiwa mdogo, visu vinakatakata singa, zinakuwa fupi, daraja linashuka pia. Singa zina madaraja yake, la kwanza, la pili, 3L, mpaka huko chini UG, na bei inashuka nayo. Jani ni lile lile, mkulima ni yule yule, mvua ni ile ile, ila uwazi kati ya vyuma viwili ndo unaamua robota lile litauzwa bei gani. Sasa niambieni, anayeuweka ule uwazi ni mtu wa ubora au ni fundi wa mentenansi?

(Hapa wakajibu nusu kwa nusu. Nikawaambia ndo kilichotugombanisha na sisi.)

Kazi yangu mimi ilikuwa ndogo sana. Kila asubuhi kabla mashine haijawashwa napita na bomba la grisi na karatasi. Kwenye karatasi kuna orodha ya beringi, mbele ya kila beringi kuna nafasi ya kujaza. Mimi najaza OK. Beringi ya kwanza OK, ya pili OK. Sasa kulikuwa na moja iko chini kule, upande wa kutokea uchafu, kuifikia mpaka ufungue kava, ulale kifudifudi, na yale maji ya mkonge, anayeyajua anayajua, yana asidi, yanakula chuma na yanawasha ngozi mpaka unatamani kujivua mwili. Siku ya kwanza niliingia. Ya pili niliingia. Siku ya tatu nilikuwa nimechelewa, nikaandika OK nikapita. Mashine ikazunguka siku nzima bila shida. Aisee hapo ndo shetani anapoingia, mashine inapokusamehe mara ya kwanza. Wiki nzima nikawa naandika OK ya beringi ambayo hata siioni.

Ikafika siku watu wa brashi, wale wanaosugua singa zikishakauka, wakaanza kulalamika, singa zinakuja zina magamba upande mmoja, upande mwingine zimekatika. Supavaiza wao akaja karakana, fundi mmoja pale akamjibu, mashine iko sawa, angalieni majani yenu, mnatuletea majani ya zamani. Wakarudi kulaumu wakataji. Wakataji wakalaumu trekta. Siku mbili nzima shamba zima linatafuta mchawi, na mchawi amekaa karakana anakunywa uji, ndo mimi.

Usiku wa siku ya pili ile beringi ikafa. Sauti yake sitaisahau, kama mtu anaburuta kabati juu ya sakafu ya sementi. Shafti imepata joto mpaka imebadilika rangi, ngoma imelala upande. Na majani yaliyokatwa hayasubiri, yakikaa yanakauka na kuchakata kwake kunakuwa kubaya, kwa hiyo mlima wa majani uko nje unaoza, kina mama wa kuanika wamekaa bila kazi, na wengine walikuwa wanalipwa kwa kazi siyo kwa siku.

Mmeelewa kilichotokea? Beringi ilikuwa imeshaanza kulika siku nyingi kidogo kabla haijafa. Ilivyolika ngoma ikashuka upande mmoja, upande mmoja uwazi ukabana, upande mwingine ukafunguka. Zile singa zilikuwa zinapiga kelele siku mbili nzima kwamba beringi inakufa! Watu wa brashi walikuwa wameshika taarifa ya mentenansi mikononi mwao hawajui, na sisi wa mentenansi tuliletewa tukaikataa. Ndo maana mimi nikisikia kiwandani wanasema "hii ni ya QC, hii ni ya mentenansi", QC ndo wale wakaguzi wa ubora, huwa nawashwa kama nimemwagiwa maji ya mkonge upya.

Mzee wangu, yaani fundi mkuu aliyenifundisha, marehemu sasa, Mungu amrehemu, alikuwa hapigi kelele. Angepiga kelele ningeona nafuu. Aliitoa ile beringi, akaniambia niioshe kwa mafuta ya taa, nikaiosha. Akaniambia ingiza kidole uzungushe njia ya gololi, nikaingiza, nikasikia imechimbika, mashimo mashimo kama barabara yetu ile ya kwenda ng'ambo. Akachukua karatasi zangu za wiki nzima akazipanga mezani moja moja. OK, OK, OK, OK. Akaniuliza kwa upole kabisa, "Mwanangu, hii OK ni namba gani?"

Nikakaa kimya.

Akasema, "Grisi umesukuma mara ngapi? Hapa sioni. Grisi ya zamani ilitoka na rangi gani? Sioni. Ulivyoigusa ilikuwa ya moto au ya uvuguvugu? Sioni. Sasa wewe ulikuwa unaniandikia nini, barua ya mapenzi?"

Kuanzia siku ile neno OK likafutwa kwenye karatasi zetu. Unaandika umesukuma mara ngapi, unaandika ulichokiona, hukufika unaandika SIKUFIKA. Na niwaambie siri, hiyo SIKUFIKA ni ngumu kuandika kuliko kuingia kwenye maji ya mkonge. Vijana wengi afadhali waingie.

Haya. Nilisema sitahubiri, sasa tufanye kazi kidogo.

Hii hapa ni beringi, ipitisheni. Nani anaweza kuisoma? Imeandikwa 6308. Msiogope, hiyo siyo namba ya siri ya benki. Zile tarakimu mbili za mwisho, 08, zidisha kwa 5 unapata 40, ndo tundu la ndani, milimita 40. Ukikuta 6205 ni 5 mara 5, tundu la 25. Zile ndogo chini ya 04 zina utaratibu wake, 00 ni 10, 01 ni 12, 02 ni 15, 03 ni 17, hizo mnazikariri tu kama tebo za shule ya msingi. Hiyo mliyoshika kwa nje ni 90 na unene wake ni 23. Nyuma ya namba mtaona herufi, ZZ ina maana imefunikwa na bati pande zote mbili, 2RS imefunikwa na mpira, na ukiona C3 ina maana gololi zimeachiwa nafasi kubwa kidogo kuliko kawaida, mara nyingi kwa sababu inakwenda sehemu yenye joto. Sasa kuna fundi anakwenda kununua kwenye maduka ya Gerezani, Dar, anaambiwa C3 hakuna chukua hii ni ile ile tu mwanangu. Siyo ile ile. Kwenye mota inayopata joto, chuma kinavimba, ile nafasi inakwisha, gololi zinabanwa, baada ya wiki tatu anasema beringi za siku hizi feki. Feki zipo, sikatai, nimeshashika beringi ambayo maandishi yanafutika kwa kidole. Ila nyingi tunaziua wenyewe halafu tunamsingizia Mchina.

Na tunaziuaje? Kwa nyundo. Unaingiza beringi kwenye shafti halafu unagonga pete ya nje, lile pigo lote linapita kwenye gololi, zinaacha alama kwenye njia, beringi imekufa kabla haijazunguka. Inayoingia kwenye shafti inasukumwa kwa pete ya ndani, ukiweza ipashe moto kiasi, isivuke nyuzi 110 hivi, na siyo kwa gesi ya kuchomelea jamani. Nyingine tunaziua kwa huruma, yaani grisi nyingi. Kijana anajaza mpaka inatoka masikioni akidhani anaipenda. Ndani ya beringi ile nafasi iliyo wazi unajaza theluthi mpaka nusu, ukizidisha grisi inasagwa, inapata joto, inaharibika yenyewe. Grisi ni kama chumvi.

Kuhusu kupima. Mtapewa venia, mtapewa maikromita, mtafurahi, mtapiga picha na kuweka stetasi. Vizuri. Lakini kuna jambo ambalo sisi wa pwani linatuhusu kuliko watu wa Njombe. Dunia nzima ilikubaliana kwamba kipimo cha urefu kinachoandikwa kwenye mchoro ni cha chuma kikiwa kwenye nyuzi 20. Tanga hii nyuzi 20 mtaikuta wapi, labda kwenye ofisi ya mkurugenzi. Chuma kinavimba, mita moja inaongezeka maikroni kama 12 kwa kila nyuzi moja. Mtasema maikroni ni nini bwana, ni sehemu moja ya elfu ya milimita, hazionekani. Haya chukua shafti ya milimita 80, unaichonga kwenye lezi kiti cha beringi, yaani pale beringi itakapokaa, imetoka na joto la nyuzi 60, unaipima hapo hapo maana bosi anasubiri. Imezidi nyuzi 40, piga hesabu, imevimba karibu maikroni 38. Na kwa kiti cha beringi cha namna hiyo mchoro ukiandika k6, ile alama ya usahihi unaotakiwa, nafasi yote ya kukosea uliyopewa ni maikroni 19. Yaani joto peke yake limekula nafasi yako mara mbili, na wewe maikromita yako inakuambia safi, umeandika kwenye karatasi namba nzuri kabisa. Ikipoa shafti inakuwa nyembamba, beringi inazunguka juu ya shafti badala ya kuzunguka na shafti, inakula kiti, baada ya mwezi unaitwa.

Kwa hiyo hata namba uliyoipima kweli inaweza kuwa ya uongo kama hukuandika ulipima kikiwa moto. Waliozoea tu wanaigusa kwa nyuma ya mkono kwanza, kisha wanaiacha wanakwenda kunywa maji. Kunywa maji hapo ni sehemu ya kipimo, mkiulizwa na supavaiza mseme mimi ndo nimewaambia.

Kuna kisa kimoja huwa nawasimulia wanagenzi wote, na hiki siyo cha kwangu, ni cha Uingereza na kimechunguzwa kikaandikwa. Tarehe 10 Juni 1990 ndege ya British Airways, safari namba 5390, ilipaa kutoka Birmingham kwenda Málaga Hispania. Ikiwa inapanda, imefika futi kama elfu 17, kioo cha mbele upande wa rubani kikang'oka chote. Rubani Tim Lancaster akavutwa nje na upepo, mwili nusu nje ya ndege, miguu imenasa ndani, mhudumu mmoja akamshika akamng'ang'ania, rubani msaidizi akaishusha ndege Southampton. Na rubani alipona! Wote walipona, ni kudra ya Mungu.

Kioo kile kilikuwa kimebadilishwa siku moja kabla, usiku, na fundi mzoefu, siyo mwanagenzi, ni msimamizi wa zamu. Kioo kilishikwa na bolti 90. Katika hizo 90, bolti 84 zilikuwa nyembamba kuliko inavyotakiwa, na zile 6 zilizobaki unene ulikuwa sahihi ila ni fupi. Unajua zile 84 zilipungua unene kiasi gani? Sehemu 26 za elfu za inchi, haifiki hata milimita moja, ni kama robo tatu yake kupungua kidogo. Macho hayaoni hiyo. Na yeye alitumia macho, alichukua bolti aliyoitoa akailinganisha na zilizopo kwenye droo, alfajiri, mwanga hafifu, akaona zinafanana. Kitabu cha namba za vipuri kilikuwepo hakukifungua. Mtu wa stoo alimwambia kabisa kioo kile kinatumia bolti ya aina nyingine, akaendelea na zake. Na cha kushangaza zaidi, hata zile za zamani alizokuwa anazifananisha, nyingi hazikuwa zenyewe, kuna mwenzake kabla yake alishakosea, lakini zilishika kwa kuwa angalau unene ulikuwa sawa.

Sasa mimi simcheki yule baba. Mimi niliandika OK ya beringi nisiyoiona, nina haki gani ya kumcheka. Ila angalieni, mtu wa stoo, yule tunayemwita "wewe leta tu vitu", ndo alikuwa na jibu. Nyie mtaingia viwandani mkiwa wadogo kuliko wote, mtaona kitu, mtasema, mtaambiwa kaa kimya dogo wewe umekuja juzi. Semeni. Halafu muandike kwamba mlisema.

Nina mfano wa binti mmoja. Miaka kadhaa nyuma nilikuwa kiwanda kimoja Dar, laini ya kujaza chupa, sitataja ni za nini. Tukawa na tatizo la uzito, chupa zinajaa vizuri asubuhi, mchana zinapungua, jioni zinarudi. Mentenansi tunasema opareta, opareta wanasema valvu, QC wanasema sote wazembe, na Wakala wa Vipimo wakikukuta na uzito pungufu hao hawana utani. Tukabadilisha sili, tukabadilisha valvu, pesa inakwenda. Alikuwepo binti kaja fildi, kapewa kazi ambayo hakuna anayeitaka, kila nusu saa aandike presha ya hewa kwenye geji. Wenzake waliomtangulia walikuwa wanaandika 6, 6, 6, 6 shifti nzima, karatasi imenyooka kama rula. Yeye akaandika 6, 5 na nusu, 4 na nusu, 6, 4 na nusu. Supavaiza akamgombeza, akamwambia geji hujui kuisoma, andika vizuri. Akasema "baba, mimi naandika ninachoona." Akaendelea kuandika vile vile.

Mimi nikazikuta zile karatasi zake mezani, nikaziweka sambamba na karatasi za uzito za QC. Kila presha iliposhuka, uzito ulishuka. Tukafuatilia saa, kumbe kila laini ya pili ikiwashwa ile mashine yao inayokula hewa sana, kompresa haitoshi, valvu zetu zinafunguka kivivu. Haikuwa valvu, haikuwa opareta. Tungekuwa na zile 6, 6, 6 tungebadilisha valvu mpaka leo. Yule binti siku hizi ni fundi sanifu, na mimi nikimpigia simu namwambia shikamoo, anakasirika.

Na dada zangu nyie kumi na moja nimewahesabu, mtaambiwa mkae ofisini muandike ripoti kwa sababu mna mwandiko mzuri. Andikeni ripoti, ila ya kitu mlichokishika wenyewe. Msikubali kuandika ya mtu mwingine.

Sasa walimu wangu na wenzangu wa viwandani mnisamehe, hili la logibuku, kile kitabu cha mwanagenzi cha kuandika kazi alizofanya, lazima nilitoe maana linaniuma. Mwanagenzi anakuja kwetu wiki nane. Wiki ya kwanza hatuna muda naye. Ya pili tunamtuma vocha. Siku ya mwisho anakuja na logibuku analia saini, sisi tunachukua kalamu tunasaini wiki zote nane kwa mpigo, kalamu ile ile, mwandiko ule ule, hata jasho hatutoki. Alaimenti ya mota na pampu, amefanya, saini. Kubadilisha beringi, amefanya, saini. Kusoma mchoro, saini. Hiyo ni nini kama siyo OK yangu ya beringi ya chini? Tena yangu ilikuwa afadhali, yangu iliua ngoma moja ya korona. Hii inamtoa fundi ambaye karatasi inasema anajua, anakwenda kushika boila ya watu. Halafu tunakaa kwenye vikao na chai na sambusa tunauliza kwanini vijana wa siku hizi hawajui kazi, mtaala, mtaala, mtaala. Mtaala haujashika kalamu jamani, tumeshika sisi!

Makofi ya nini sasa, mimi mwenyewe nimeshasaini hivyo. Siyo mara moja.

Nyie vijana mna nguvu kidogo hapo. Ukiletewa saini ya kitu hujafanya, rudisha, sema fundi hii sijafanya naomba nifanye hata mara moja. Atakuona kiherehere. Kuna wengine watakasirika kweli, na sidanganyi kwamba kila mara itakuwa rahisi, mwingine una nauli ya kurudi nyumbani leo tu. Lakini jaribu. Na walimu mnaokuja kukagua, msiulize "mnaendeleaje", muulizeni mtoto akuonyeshe kwa mkono ukurasa mmoja tu wowote uliosainiwa.

La usalama nitalipitisha haraka kwa sababu mtafundishwa wiki nzima. Kufuli. Ukiingiza mkono kwenye mashine, swichi kubwa imezimwa, imefungwa kwa kufuli lako, ufunguo mfukoni mwako, tagi ina jina lako, na umejaribu kuiwasha uone imegoma. Mko wanne, makufuli manne. Uliyefunga ndo unayefungua, siyo rafiki yako, siyo bosi. Na umeme siyo peke yake, kuna hewa iliyobaki kwenye bomba, kuna springi imebanwa, kuna mzigo umening'inia juu. Mzee wangu alikuwa na vidole nane. Nilikuwa nimewaambia hapigi kelele, kelele alipiga mara moja tu maishani mwake nikiwa naye, siku niliyoweka mkono bila kufuli.

Mzazi mmoja kaniuliza pale nje wakati wa chai, hii kazi italipa? Nimjibu mbele ya wote. Mwanzoni hailipi, posho ya mwanagenzi ni ya nauli na maharage. Lakini mashine hazijawahi kuisha nchi hii, na zilizopo zinazeeka. Mkoa huu, mashamba yaliyokufa tangu mkonge ushuke mengine yameanza kuamka, kuna saruji, kuna chokaa, kuna maziwa, kuna bandari, kote kule kuna ngoma inazunguka juu ya beringi. Na kama mwanao alishajifunza kazi mtaani bila chuo, VETA, wale wa mafunzo ya ufundi stadi, wana utaratibu wa kurasimisha ujuzi, anapimwa anachojua na kupewa cheti, asione aibu. Mafundi wawili bora niliowahi kufanya nao kazi walitokea gereji chini ya mwembe.

Naona mkuu wa chuo anaangalia saa, anaiangalia kwa heshima lakini anaiangalia.

Kwa hiyo tumalizie na kazi niliyowaletea. Kwenye hili boksi kuna beringi kumi na mbili, namba zote nimezifuta kwa tupa. Mko ishirini na nne, kaeni wawili wawili, venia ziko mezani na karatasi ziko mezani. Pimeni tundu, pimeni nje, pimeni unene, niandikieni ni namba ngapi. Kuna mbili zimelika, nataka mniambie ni zipi na mmejuaje. Kuna moja nimeiacha juani tangu asubuhi, msiungue. Na kuna moja, nisikilizeni, kuna moja ambayo venia hizi haziwezi kuingia, tundu ni dogo mno, hamtaweza kuipima. Nataka nione mtaandika nini pale.

Dakika arobaini. Haya, simu mezani, anzeni.